Mwaka wa kwanza chuoni unahitaji walezi

Mhariri,

Binti yangu alipojiunga na chuo kikuu hapa Nairobi, wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya ilijaa hotuba, kisha kila mmoja akaachwa ajitafutie njia katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, ambamo mhadhiri hamjui yeyote kwa jina. Tangu mwaka wa 2023, mfumo mpya wa serikali wa ufadhili humtaka mwanafunzi pia aombe msaada wa karo na mkopo mtandaoni, kazi iliyonihangaisha hata mimi niliye karani. Naomba vyuo viunde semina za wanafunzi kumi na watano hivi, kila moja ikiwa na mhadhiri mlezi na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, zikutane kila wiki hadi mitihani ya kwanza, kwani asiyeelewa somo mapema huona haya kuuliza baadaye.

Mzazi,
Umoja, Nairobi