Mwanangu, mwache afunge kifungo chake

Mwanangu,

Juzi uliondoka umenuna, na sababu naijua. Ulinikuta nimesimama mlangoni, mikono nyuma, mdogo wako akihangaika na shati lake robo saa nzima, ukaona mama yako siku hizi ana roho ngumu. Ukamsogelea, ukamfungia vifungo vyote sita kwa mkupuo mmoja. Hukuuangalia uso wake ulipomaliza. Mimi niliuangalia.

Sikutaka tubishane mbele yake, na kwa simu mimi na wewe huwa tunaishia kupandishiana sauti. Ndiyo maana nakuandikia.

Unaukumbuka mwaka ule nilipokuwa natoka kila wiki na daftari kwapani, ukadhani nimerudi shule? Hukukosea sana. Yalikuwa mafunzo ya walezi, yale yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani kwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi, na mara 3 mwezeshaji anakufuata nyumbani. Nilikwenda nikidhani ni mtoto atakayefundishwa. Kumbe mwanafunzi ni mimi. Na mwezeshaji hakuwa daktari, alikuwa mtu wa kawaida aliyefunzwa ili naye awafunze wenzake. Hilo lilinifungua masikio, maana madaktari nilikwisha kuwasikiliza mpaka basi. Mmoja aliniambia nisitarajie kitu, huku anaandika, hata kichwa hakuinua.

Pale kulikuwa na wazazi wa watoto wenye usonji kama mdogo wako, wengine mtindio wa ubongo, wengine Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji. Tulifundishwa mambo ambayo ukiyasikia utacheka: kaa macho yenu yawe usawa mmoja, fuata mchezo alioushika yeye, sema maneno machache, halafu subiri. Hapo pa kusubiri ndipo wengi tulipofeli. Mama hujibu kabla mtoto hajafumbua mdomo.

Sasa kifungo. Wewe unakiona ni jambo moja, lakini kivunje vipande: kushika ukingo wa shati, kukilaza kifungo kwenye tundu, kukisukuma kitokeze nusu, kukidaka upande wa pili, kukivuta. Tulianzia mwisho. Nilitandaza mezani koti kuukuu lenye vifungo vikubwa, nikafanya yote, nikamwachia kuvuta tu. Akivuta, kifungo kimefungwa, na aliyekifunga ni yeye. Alipoizoea hatua hiyo nikamwachia na ya nyuma yake, kisha ya nyuma zaidi. Miezi hiyo, si siku. Na mkono wangu nao ulikuwa unaondoka kidogo kidogo: kwanza juu ya mkono wake, baadaye kwenye kiwiko, baadaye kidole cha kuonyesha, baadaye neno moja. Mikono nyuma uliyoiona juzi ndiyo hatua ya mwisho, na kwangu ndiyo ngumu kuliko zote. Huwa nimefumbata vidole visinitoroke.

Sikusifii kila kinachoitwa mafunzo. Kituo kimoja nilichompeleka, shanga zilitungwa asubuhi, zikatunguliwa jioni, kesho yake zile zile, miaka miwili. Walikuwa wapole, sikatai. Nilimtoa. Alipo sasa hawamfundishi kazi ya kuigiza wakisubiri siku awe tayari. Wamempeleka kwenye kazi yenyewe, nyumba ya kufulia, na mkufunzi akaenda naye. Wiki za kwanza alisimama begani kwake, akapachika ukutani picha tano za kukunja shuka, akawazoesha na wafanyakazi wenzake wasimharakishe. Siku hizi huyo mkufunzi anapita mara moja tu kwa wiki. Picha ya tatu mdogo wako ameibandua mwenyewe, anasema haihitaji.

Lipo na jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mezani ulisema nisiwe na wasiwasi, siku nikiwa sipo utamchukua akaishi kwako. Nakushukuru, nililala vizuri usiku ule. Lakini ulilisema akiwa ameketi pale pale, na hakuna aliyemgeukia, hata mimi. Ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 19, unampa haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na wewe ulivyochagua. Kusaidiwa kuamua anahitaji. Kuamuliwa ni kitu kingine.

Basi ukija tena, muulize. Muulize kwa picha kama maneno yatakuwa mengi: chumba chako, hapa nyumbani, au ile nyumba wanayokaa wenzake wawili wa kazini na msaidizi anayewapitia jioni. Weka moja moja mbele yake. Usimsomee jibu usoni, na usijaze kimya chake. Atachukua muda, pengine hatajibu siku hiyo.

Nilisahau kukwambia. Gari lako lilipokata kona alirudi chumbani, akavifungua vyote sita, akaanza upya. Kola ilikaa kombo, kifungo kimoja kiliruka tundu lake, tukachelewa kutoka. Nilimwacha akaenda nalo hivyo hivyo.

Mama yako