Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari za Majini Zilizosimuliwa na Wanyama

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulitupa kazi moja: kwa mwaka mzima, kila anayeandika achague safari ya majini ya zamani, iliyotokea kweli, na msimulizi awe mnyama. Wapo waliosema hiyo ni kazi ya watoto. Leo nawaletea taarifa yake, na nasema mapema kwamba tangu nijiunge sijauona mwaka ambao chama chetu kimeandika vizuri kama huu.

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Kwa upande wangu nakumbusha tu kwamba ada nyingi zimelipwa kwa kuchelewa, na kodi ya chumba tunachokutania haisubiri mtu.

Hadithi 7 zilifika mezani. Iliyotushika kuliko zote ni ya panya wa Lady Alice, mashua ya mpelelezi Henry Morton Stanley. Habari ya Stanley wengi wenu mnaijua: mashua yenye urefu wa futi 40, iliyogawanywa vipande 5 na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, ikaunganishwa Kageye kwenye Ghuba ya Speke na kushushwa majini tarehe 8 Machi 1875. Ililizunguka ziwa letu lote, Ziwa Victoria, na kurudi mwanzoni mwa Mei. Mwenzetu hakumpa Stanley neno hata moja. Panya wake anaishi ngamani, chini ya mbao za sakafu, na kutoka huko haoni wakubwa, anaona nyayo. Wapiga makasia anawajua kwa nyufa za visigino. Safeni, mshika usukani, anamjua kwa namna anavyojikaza wimbi likija ubavuni. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huyu panya hakuwa na tezi ya nyuma wala omo ya mbele, ngama ndiyo dunia yake.

Kisha inafika tarehe 28 Aprili, kisiwani Bumbire. Mashua inakokotwa nchi kavu, makasia yanachukuliwa. Ilipowabidi kukimbia, mabaharia waling'oa mbao za sakafu wakazitumia kupigia maji badala ya makasia. Hayo yamo katika maandishi ya safari yenyewe. Lakini humo ni mbao tu. Kwa panya, paa la nyumba linang'olewa, jua linaingia, na kwa mara ya kwanza anaziona nyuso za watu aliowajua kwa miguu siku zote hizo. Ukurasa huo ulipokuwa ukisomwa, chumba kizima kilinyamaza, na aliyekuwa anamimina chai akaiweka birika chini.

Baada ya hapo mama mmoja mwenye asili ya Muleba, wilaya yenye kisiwa hicho, aliuliza: na watu wa Bumbire je, panya hakuwaona? Lilikuwa swali la haki. Stanley aliwapiga risasi siku ile, na mwezi Agosti mwaka uleule akarudi akaua wengine wengi. Mwandishi hakubisha. Alichukua daftari lake, na baada ya mwezi alirudi na hadithi ambayo ndani yake kila mlio wa bunduki unamfikia panya kupitia ubao, na sauti za ufukweni zinapungua moja baada ya moja. Mimi naamini hapo ndipo tulipoielewa kazi yetu. Safari hizi ziliandikwa na wageni waliokaa shetri, nyuma ya chombo, wakiwa na kalamu. Waliobeba, waliovuta makasia na waliokuwa ufukweni walipata mistari michache, au hawakupata kabisa. Mnyama aliye chini miguuni pao anaweza kuwaona, kwa sharti kwamba mwandishi amejua kwanza nini kilitokea.

Sharti hilo lilitusumbua. Mwenzetu mwingine aliandika juu ya twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, yule ambaye wenyeji wa huko walimfananisha na mnyama mtakatifu wa hadithi zao. Hadithi ina pumzi nzuri: shingo inayotafuta mti katika bahari isiyo na mti, na harufu ya nchi inayopungua kila alfajiri. Tatizo lilikuwa upepo. Katika hadithi, twiga aliondoka Malindi kwa kaskazi. Kaskazi huvileta vyombo kwetu. Kusi ndiyo huvipeleka Bara Hindi na mbele yake. Sisi tuliokulia huku bara tunayasikia majina hayo na kuyatumia tu kama mapambo. Mtu wa Lamu au Tanga angeifunga hadithi hiyo ukurasa wa pili. Imeshasahihishwa, na ninampongeza mwandishi kwa kukubali kuipanga upya safari nzima kwa sababu ya neno moja.

Tulisoma pia habari za Trim, paka aliyezaliwa melini mwaka 1799 na kuizunguka Australia akiwa na nahodha Matthew Flinders. Mwaka 1803 alinusurika meli ilipovunjikia mwambani, akaishia kisiwa cha Mauritius ambako bwana wake alizuiliwa na Wafaransa, na mwaka 1804 akapotea. Flinders, akiwa bado kizuizini, aliandika kumbukumbu yake mwaka 1809. Niliwaletea habari hiyo ili wanaoona haya kumwandikia mnyama kwa heshima wajue kwamba baharia mzima alifanya hivyo miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Darasa kubwa la mwaka, hata hivyo, tulilipata kwa nahodha mstaafu kutoka Ukerewe tuliyemwalika mwezi wa sita. Kijana wetu alisoma hadithi ya mbuzi anayevushwa usiku kwa mtumbwi, wakati Wajerumani na Waingereza wakigombea ziwa, kabla Mwanza haijachukuliwa Julai 1916. Mbuzi alisimama mbele kabisa akiyatazama mawimbi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua kandambili, akakanyaga sakafu ya saruji kwa nyayo tupu na kuanza kukunja magoti pole pole, hili kisha lile. "Mwanangu," akasema, "wimbi unaliona wewe. Mbuzi analisikia kwenye ubao kabla hujaliona. Andika miguu." Kijana akamjibu, "Nimekuelewa, babu," na sote tukavua viatu.

Liko jambo lililotuumiza. Mwenzetu mmoja alianza hadithi ya ndege mnandi aliyekuwa karibu na meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Aliandika kwa nia njema. Lakini miongoni mwetu wapo waliopoteza mama, kaka na watoto siku ile, na wengine kila mwaka huenda Igoma kwenye makaburi. Kamati iliomba hadithi isitishwe. Nilikuwa upande wa kuisitisha na bado nipo huko, ingawa najua mwandishi alikwenda nyumbani na huzuni. Hadithi yake nimeitunza; wafiwa wakiwa tayari kuisikia, watasema wenyewe.

Jarida letu nalo lilitutia hasara. Mchapaji tuliyempa malipo ya awali alileta nakala zenye kurasa zilizopangwa ovyo, na panya akang'olewa paa kabla mashua haijaondoka Kageye. Zimerudishwa, tunasubiri zifanyiwe upya. Mlionunua mapema, naomba radhi kwa niaba ya kamati.

Kwa mwaka ujao ningependa tusiende mbali. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wamefugwa Ulaya waliletwa kwenye kisiwa cha Rubondo, humu humu ziwani, wakaachiwa msituni wajifunze upya kutafuta chakula. Vizazi vyao vipo mpaka leo. Walivuka bahari, wakavuka nchi, na mwisho wakavuka maji yetu, na wapo wazee visiwani wanaozikumbuka siku zile. Wakati wa kuwauliza ni sasa.

Safari yetu ya boti kwenda Kageye, ilikoshushwa Lady Alice, ipo palepale, Jumamosi inayofuata mkutano huu. Tukutane Kirumba, Mwanza, saa 12 asubuhi na daftari na maji ya kunywa. Jaketi la kuokolea litakuwepo la kila mtu, na asiyelivaa hapandi. Nahodha wetu amekubali kuja. Ametuma salamu kwamba atatuketisha kwanza sakafuni mwa boti, pale miguu ilipo, na mabenchi tutayapata wakati wa kurudi.