Ndugu wa ushuru wa choo, kapime sukari kwanza

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako, mfanyabiashara wa sokoni, aliyelalamika kwamba ushuru wa choo unammaliza. Anasema kila akiingia analipa shilingi 200, na jioni akipiga hesabu anakuta ameacha chooni shilingi 2,000. Wenzangu waliisoma wakacheka. Mimi sikucheka, maana hesabu za choo ndiyo kazi yangu. Nakaa mlangoni mwa choo cha kulipia katika soko mojawapo hapa Morogoro. Nakata tiketi, nagawa karatasi, nadeki. Elfu mbili kwa mia mbili ni mara kumi. Mtu mwenye afya yake kwa kawaida haingii chooni mara kumi kabla jua halijazama, na hapo bado hajahesabu safari za usiku nyumbani kwake, ambazo hazina tiketi.

Ndugu yangu, kuhusu bei una haki ya kulalamika, na anayeipanga si mimi. Lakini kabla hujamwandikia mhariri barua ya pili, pitia zahanati ukapime sukari.

Najua atauliza mimi ni nani wa kumwambia hivyo. Si daktari wala nesi. Dada yangu mkubwa anaishi na kisukari, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki. Pale kwenye benchi la kusubiri muuguzi anafundisha asubuhi kabla mafaili hayajaanza kuitwa, na mtu akisikia somo lilelile mwezi baada ya mwezi, hata awe mgumu wa kichwa, litaingia. Halafu narudi kazini naliona somo lenyewe likipita mlangoni.

Alivyotueleza ni hivi. Figo zina kawaida ya kurudisha sukari mwilini isipotee. Sukari ya kwenye damu ikipanda kupita kama 10 kwa kile kipimo cha mashine kinachoandikwa mmol/L, figo zinashindwa kuirudisha yote, nyingine inatoka na mkojo, na ikitoka inavuta maji. Ndiyo maana mtu anakojoa sana, na kwa kuwa maji yamemtoka, kiu inamshika. Sasa niambie, kiu ya sokoni saa saba mchana inazimwa na nini? Soda baridi. Juisi ya miwa. Mtu anaongeza kilekile kinachomkausha, halafu anarudi kwangu na mia mbili nyingine mkononi.

Kazi yangu ina ubaya mmoja: macho unaweza kuyageuza pembeni, masikio huwezi. Mwenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anakuja mbio, anatoka upesi, muda si muda karudi, uso umekunjamana kwa kuungua. Mzee mwenye tezi dume anakaa ndani mpaka foleni inanung'unika, mkojo unatoka kwa vipande. Yule ambaye baadaye nasikia kakutwa na sukari, mara nyingi alikuwa anakojoa mwingi, kila mara mwingi, kana kwamba tangu jana hakukojoa, na akitoka tu anafungua chupa ya maji kabla hajafika kwenye meza yake ya biashara. Simpimi mtu kwa masikio, asije mtu akaniandika vibaya. Naeleza tu kwa nini wateja wangu wengine nawauliza swali lisilonihusu.

Mmoja wao ni fundi cherehani, ambaye ameniruhusu nisimulie mradi jina nisilitaje. Fundi alianza kukonda. Kwa mtu wa kazi ile hilo halifichiki, kwa sababu suruali zake anazipunguza mwenyewe: kiuno cha 36 akakileta 34, baadaye 32, na alama za mshono wa zamani zikabaki pale pale kwenye kitambaa kila mwenye macho azione. Sokoni wakaanza kunong'ona; mtu akikonda mnajua anapewa ugonjwa gani. Naye akaenda kupima ngoma, akakuta yuko salama, akafunga mjadala. Habari ya kiu na mkojo akaipeleka duka la dawa, akauziwa vidonge vya UTI. Havikusaidia, akauziwa vingine vikali zaidi. Hakuna aliyemtoboa kidole. Baadaye uzi ukaanza kumkatalia kuingia kwenye sindano, akanunua miwani kwa machinga. Siku za mwanzo aliona, kisha miwani ileile ikawa haimsaidii tena.

Nikamwita pembeni. Nikamuuliza, "Fundi, usiku unaamka mara ngapi?"

"Ah, mama, uzee huo."

Ana miaka 42. Nikamwambia kwamba ningekuwa nimeona dalili moja tu ningenyamaza, lakini kiu, mkojo, suruali na sindano vikija kwa pamoja siwezi kunyamaza. Akanijibu kwa methali, kama watu wengi wanavyofanya wakitaka mtu aache kuwasumbua: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Nikamjibu kwamba huyu hajalala, yuko macho usiku kucha anakwenda chooni.

Kilichomtoa hata hivyo si maneno yangu. Alikata sare ya shule ya mtoto wa watu mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kwa sababu alama za chaki hakuziona vizuri, akalazimika kununua kitambaa kingine kwa pesa yake. Kesho yake asubuhi aliniachia ufunguo wa banda, akaenda. Akarudi na kikaratasi kimeandikwa 19.4.

Hizo namba watu wanazitupa tu bila kuzielewa, kwa hiyo naziandika kama tunavyoambiwa kliniki. Ukipimwa asubuhi hujala kitu, 7 kwenda juu ni kisukari, kuanzia 6.1 mpaka hapo chini ya 7 bado si ugonjwa, lakini umeshaonywa. Ukipimwa saa yoyote, hata umekula, ikasoma 11.1 au zaidi na dalili unazo, hapo hakuna ubishi mkubwa. Ambaye hana dalili anarudiwa siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Na ile ya kidole ni ya kuanzia tu. Fundi alipelekwa hospitali akatolewa damu ya mshipa, ndipo akaanzishiwa vidonge vya metifomini na kupangiwa chakula. Kuhusu macho aliambiwa asikimbilie kununua miwani mingine, kwa sababu sukari ikipanda lenzi ya jicho inavimba, na ikishuka inarudi, basi asubiri sukari itulie ndipo apimwe. Sasa uzi anautia bila miwani. Suruali kaziachia, amerudi 34. Anajisifu kupita kiasi, lakini namvumilia.

Si kila niliyemuuliza alikutwa nayo. Kuna mama muuza maembe, naye alikuwa mteja wa kila saa, na habari za Fundi zilipoenea akaenda kupima kwa hofu. Mashine ikasoma 13. Muuguzi akamwangalia vidole: vilikuwa vinanata. Akamwambia akanawe kwa maji na sabuni, akaushe, akamtoboa kidole kingine. Ikasoma 5.8. Maji ya embe kwenye ngozi yalikuwa yameingia kwenye tone la damu. Baada ya kuulizwa maswali mawili matatu ikajulikana kwamba safari zake za chooni zinatokana na kidonge cha presha anachokunywa asubuhi, kile cha kutoa maji mwilini. Kwa hiyo mnaouza matunda, miwa na maandazi, naweni mikono kabla hamjatoa kidole. Spiriti peke yake haitoshi.

Hapo kwetu bado wapo wanaosema watajua siku wakiona sisimizi wamezunguka mahali walipokojoa. Sikatai kwamba inatokea. Lakini rudi kwenye namba: ugonjwa unahesabiwa kuanzia 7 asubuhi kabla ya kula, na figo zinaanza kumwaga sukari ikikaribia 10. Anayesubiri sisimizi anaweza kukaa na kisukari muda mrefu mkojo ukiwa safi kabisa, huku mishipa ya macho, figo na miguu inaharibika taratibu. Wapo wasiosikia chochote mpaka kidonda cha mguuni kikatae kupona, au mwanamke anatibiwa fangasi za sehemu za siri, zinapona, zinarudi. Kwa hiyo wewe uliyevuka miaka 40, una kitambi, una presha, mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, au ulijifungua mtoto wa kilo zaidi ya nne, kapime bila kusubiri kiu.

Watoto ni habari nyingine, na hapo hakuna kusubiri hata siku moja. Kliniki nilikaa na mwanamke ambaye mwanawe alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani, ghafla akaanza tena, akawa anachapwa na kuitwa kikojozi, huku anakonda na kunywa maji mtungi mzima. Alipoanza kutapika wakadhani malaria. Ile ni kisukari ya aina ya kwanza, mwili hautengenezi insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, kabisa au karibu na kabisa, na dawa yake ni insulini ya sindano. Mtoto wa namna hiyo akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, na pumzi yake kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Sasa nina neno na wenye maduka ya dawa na zahanati, bila kumnyooshea kidole yeyote. Mtu anarudi kwenu mara ya pili na malalamiko yaleyale ya mkojo. Mashine ya sukari ni ndogo, inaenea mfukoni, na jibu linatoka kabla chenji haijahesabiwa. Kwa nini auziwe dozi nyingine kwanza? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajui. Hao wasiojua hawajajificha porini. Wako kwenye foleni zenu, wananunua vidonge vya UTI. Wengine wako kwa yule bwana wa spika anayeuza dawa ya miti ya "kumaliza sukari siku saba" kwa watu ambao hawajawahi hata kupima kama sukari wanayo.

Kuna na jambo la tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Siku hiyo soko linapambwa, hema linasimamishwa, fulana zinagawiwa, watu wanapimwa bure, na foleni inafika mpaka kwenye meza za dagaa. Nashukuru, tena naomba iendelee. Lakini kesho yake hema limeng'olewa, na mteja wangu anayeanza kusikia kiu mwezi wa pili anaambiwa asubiri mwezi wa kumi na moja.

Ombi langu kwa halmashauri yetu, na kwa halmashauri nyingine zenye masoko, ni dogo. Pesa za choo zinahesabiwa kila jioni na zinapelekwa. Sehemu yake kidogo inunue vijiti vya kupimia, na muuguzi mmoja aje sokoni siku moja kila mwezi, siku inayojulikana, akae pale wanapopita watu. Asitafutiwe ofisi. Pembeni mwa mlango wangu pana kivuli, meza ipo, bomba la maji liko hatua tatu na sabuni naweka mwenyewe. Atakayeshindwa kumlipa muuguzi huyo shilingi zozote asilipishwe, na majibu yasomwe kwa sauti ya chini, maana soko lina masikio kuliko mimi.

Kwa bwana aliyeandika barua: zahanati iliyo karibu na soko letu inapima kwa pesa ambayo kwa siku mbili unaiacha chooni, na chenji inabaki. Nenda asubuhi kabla ya chai. Ikiwa sawa, rudi tuendelee na mjadala wa bei, nitakuunga mkono.

Mhudumu wa choo cha soko,
Morogoro
(Jina na namba yangu ya simu anavyo mhariri)