Jeneza halikuingia kwenye lifti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha Jiografia kwa miaka 31, na huu ni mwaka wa sita naishi Upanga, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu na familia ya mwanetu mkubwa. Tuko ghorofa ya 12 katika jengo la ghorofa 18.

Mwezi wa tatu mwaka huu jirani yetu wa ghorofa ya 16 alifariki alfajiri, nyumbani kwake, kitandani kwake. Alikuwa mtu mzima mcheshi. Akinikuta kwenye lifti huushika mlango usifunge na kusema, "Pita Mwalimu, wanafunzi wanasubiri." Akaoshwa na kukafiniwa palepale nyumbani, ili aswaliwe adhuhuri na kuzikwa. Vijana wakaenda msikitini kuchukua jeneza. Walipolifikisha kwenye lifti, halikuingia. Walilielekeza huku, wakaligeuza kule, mwisho wakalisimamisha wima na kulipandisha hivyo hivyo likiwa tupu.

Kazi ikawa kulishusha. Mwanawe mkubwa alisimama mlangoni mwa lifti akasema maneno mawili tu: "Baba hasimamishwi." Hakuna aliyembishia. Wakaingia kwenye ngazi.

Nilikuwa mlangoni kwangu na khanga yangu kichwani. Nikaisikia tahlili inashuka kutoka juu, mara inakatika, zinasikika sauti nyingine: "Inua miguu, inua! Kichwa kishuke. Ngoja, ngoja, kidole changu!" Kisha tahlili inaanza tena mpaka kona inayofuata. Ngazi zetu zina upana wa sentimita 94, na kila ghorofa zinakata kona mara mbili. Kwenye kila kona ilibidi jeneza linyanyuliwe juu ya reli, waliotangulia chini wamenyoosha mikono juu ya vichwa vyao, walioko juu wamepiga magoti. Walipopita mbele yangu, kijana mmoja alikuwa anatoka damu kwenye vifundo vya vidole kwa kukwaruzwa na ukuta. Kona 32. Mzee aliyeheshimiwa na jengo zima alishushwa kwake kama kabati la nguo. Imamu alikuwa ameahidi kusubiri, na alisubiri.

Mume wangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Siku ile aliburuta kiti chake mpaka karibu na mlango, akaona kila kitu. Usiku, taa zimeshazimwa, akaniuliza: "Mwalimu, mimi mtanishushaje?"

Sikuwa na jibu, maana namna ya kumshusha akiwa hai naikumbuka. Siku alipougua, umeme ulikuwa umekatika. Jenereta ya jengo letu inawasha taa za korido na maduka ya chini, lifti haimo. Kutoka getini kwetu mpaka Muhimbili ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Vijana wanne walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kwa khanga zangu mbili kifuani na mapajani asichomoke, wakashuka naye ngazi 216. Naijua idadi kwa sababu nilikuwa nyuma yao nazihesabu, sikuwa na kingine cha kufanya. Dakika 40. Daktari yeyote atakwambia kwamba kiharusi hakisubiri dakika 40.

Basi kesho yake baada ya mazishi nilichukua tepu ya kushonea nikaenda kupima lifti. Upana sentimita 110, kina sentimita 140. Kibao cha ndani kimeandikwa watu 8, kilo 630. Nikampigia fundi wa lifti ninayemfahamu, mwanafunzi wangu wa zamani, nikamuuliza kama lifti zote ziko hivyo. Akanieleza kuwa lifti za kilo 630 vipimo vyake vya kawaida ndivyo hivyo, na kwamba ipo ya kilo 1,000, ya watu 13, yenye upana uleule wa sentimita 110 lakini kina chake ni 210. Hiyo machela inaingia ikiwa imelala. Tofauti ya lifti inayompeleka mgonjwa hospitali na isiyompeleka ni sentimita 70 za kina.

Nilipiga hesabu. Sentimita 70 kwa 110 ni eneo la mswala mmoja wa kuswalia. Mwenye jengo angetoa eneo la mswala mmoja katika kila ghorofa, mzee wetu angeshuka amelala kwa heshima yake. Najua kiwanja Upanga ni ghali na kila hatua ya sakafu ni pesa. Lakini nyumba ziko 72 katika jengo hili, na sikumbuki mwaka hata mmoja uliopita bila mgonjwa wa kubebwa au maiti.

Hapa kwetu maghorofa huzungumzwa yanapoanguka. Na ni haki. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 tukalia tena Kariakoo. Kila mara tunauliza habari za nondo, saruji na idadi ya ghorofa kwenye kibali, na tuendelee kuuliza. Ila jengo letu halijaanguka na wala halina ufa. Mhandisi akija leo atalipatia alama nzuri. Kilichotushinda ni kuishi ndani yake, na hilo sijaona linaulizwa mahali popote kabla ya kibali kutoka: mgonjwa atashukaje, maiti itashukaje, umeme ukikatika bibi wa ghorofa ya 17 atapata wapi maji?

Maji nisiyapite kabisa. Pampu nayo haimo kwenye jenereta. Umeme ukikatika mchana kutwa, tangi la juu linakauka jioni, na vijana wanapandisha madumu ya lita 20 kwa shilingi 2,000 dumu moja mpaka kwetu. Wa ghorofa ya 17 wanalipa zaidi. Wengi wameamua kununua jiko la mkaa la akiba na kuliweka kibarazani, pembeni ya mtungi wa gesi. Hilo linanitisha kuliko kiu.

Linanitisha kwa sababu ngazi ni moja. Na mlango wa ngazi wa chini, ule unaotokea nje uchochoroni, unafungwa kwa kufuli kuanzia saa nne usiku kwa kuogopa wezi. Nilimuuliza mlinzi ufunguo unakaa wapi. "Shikamoo bibi, anao meneja." Meneja anaishi Kimara.

Juni 14, 2017 jengo la makazi la Grenfell Tower, London, liliungua usiku. Lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja. Moto ulipanda kwa nje kupitia mabamba yaliyobandikwa kwenye kuta, moshi ukajaa kwenye ile ngazi, na watu 72 wakafa. Sasa Serikali ya Uingereza imeamua kwamba huko England, kuanzia Septemba 30, 2026, jengo jipya la makazi la mita 18 au zaidi liwe na ngazi mbili. Mita 18 ni kama ghorofa sita hivi. Sisi tuna 18 na ngazi moja yenye kufuli.

Nirudi kwenye msiba, kwa maana hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo letu si vipimo vya lifti peke yake. Tulikaa wapi? Nyumba ya marehemu ina sebule ya kutosha watu kumi na tano, na waliokuja kutoka Tanga, Bagamoyo na Mbagala walikuwa zaidi ya mia. Mbele ya jengo ni barabara, pembeni ni ukuta wa jengo lingine, nyuma ni uchochoro wenye jenereta. Hakuna pa kufunga turubai. Wanaume wakatandika mikeka kwenye maegesho ya chini, katikati ya magari, na kila gari likitaka kutoka wanasimama na kukunja mkeka. Wanawake tulitakiwa kupanda juu, lifti inayofanya kazi ni moja, basi bibi wawili wa makamo yangu waliochoka foleni nikawakuta wamekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, wanasoma Yasin humo humo. Sufuria za pilau zilipikwa Ilala zikaletwa kwa bajaji.

Viwanja vya Kariakoo na mitaa ya jirani vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, baraza mbele, uani nyuma. Baraza ni pa kukaa na mgeni na pa kulaza jeneza kabla ya safari. Uani ni pa kupikia, kufulia, kuanika, kuozesha binti. Leo kiwanja kilekile kinapandishwa ghorofa kumi au kumi na tano. Vyumba vimepelekwa juu, vimeongezwa mara kumi. Baraza na uani havikupelekwa popote. Watoto nao wamefutwa pamoja navyo: mjukuu wangu ana miaka sita, uwanja wake wa mpira ni korido ya ghorofa ya 12, na ameshapigiwa kelele na kila jirani mpaka sasa anacheza kwa kunyata.

Nilipokuwa nafundisha habari za miji, mfano wangu ulikuwa Singapore. Zaidi ya robo tatu ya wakazi wa kule wanaishi kwenye maghorofa yaliyojengwa na shirika la nyumba la serikali yao, lililoanzishwa mwaka 1960. Lipo jengo lao moja, The Pinnacle@Duxton, lenye ghorofa 50. Nilikuwa nawaambia wanafunzi habari za urefu. Leo ningewaambia habari za chini. Katika majengo yao mengi ya makazi, ghorofa ya chini kabisa imeachwa wazi, nguzo tupu na sakafu, haina duka wala nyumba. Wamalay, Waislamu wenzetu, hufanyia hapo harusi. Wachina hukaa hapo misiba yao. Wazee hucheza bao lao, watoto hukimbia, mvua ikinyesha hailoweshi mtu. Yaani wameacha baraza chini ya ghorofa.

Na hata wao walikosea. Majengo yao ya zamani yalikuwa na lifti zinazosimama ghorofa chache tu, mtu anashuka na kumalizia kwa ngazi. Wazee walipozidi, kuanzia mwaka 2001 serikali ikalazimika kuingia kwenye mpango mkubwa wa kuyarekebisha ili lifti zisimame kila ghorofa. Kuongeza lifti kwenye jengo ambalo watu wanaishi ndani ni gharama ya kutisha. Kwetu fundi ameniambia wazi kwamba shimo la lifti likishamwagwa zege, sentimita zangu 70 hazipatikani tena.

Sisemi tusijenge kwenda juu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, nao hawawezi wote kutandazwa mpaka Kibaha na Mkuranga. Mimi mwenyewe nilihamia huku kwa hiari, niwe karibu na hospitali, na jioni upepo wa bahari unaingia sebuleni kwangu ambao sikuupata nilikotoka. Ninachoomba ni kwamba kibali cha jengo la makazi kikiandikwa "ghorofa 18", kwenye karatasi hiyohiyo viandikwe na vya kuishi humo: angalau lifti moja ya kuingiza machela, jenereta inayobeba lifti hiyo na pampu ya maji, ngazi mbili zenye milango ambayo aliye ndani anaifungua bila ufunguo, na sehemu ya wazi chini ambayo haitageuzwa duka. Asiyeweza vyote hivyo apunguze ghorofa mpaka aweze.

Na fedha za matengenezo zitenganishwe. Tunayo Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, inayowapa wamiliki wa nyumba za ghorofani umoja wao wa kusimamia sehemu za pamoja. Kwetu tunalipa sevisi chaji kila mwezi, na lifti ya pili imekaa imekufa tangu mwaka juzi, jibu kila siku ni kwamba kifaa kiko njiani. Hatujawahi kuonyeshwa kiasi kilichowekwa akiba kwa ajili ya lifti. Nadhani hakijawekwa.

Naandika sasa na si baadaye kwa sababu ya kitu ninachokiona dirishani. Ng'ambo ya barabara wameanza jengo jipya. Bango lao linasema makazi, ghorofa 22, lifti mbili. Juzi nilivuka nikamwomba msimamizi wa mafundi anionyeshe zitakapokaa lifti. Kijana mwenye adabu, alinivisha kofia yake ngumu akanishika mkono. Mashimo yote mawili yamechorwa kwa chokaa kwenye zege la msingi. Nilitoa tepu yangu tukapima pamoja, na kwa mujibu wake lifti zitakazoingia humo ni za watu 8. Nikamuuliza kama shimo moja linaweza kuongezwa kina. Akasema, "Kwa sasa linawezekana, mama, ni mchoro tu. Kuta zake tunamwaga mwisho wa mwezi ujao."

Nawaomba wanaohusika na mipango miji na vibali wafike kabla ya hapo. Tepu ninayo.

Mwalimu mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam