Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, na kuhusu vibali vya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kila mmoja anajua amefikia wapi. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililotugombanisha karibu mwaka mzima, yaani kadi inayobandikwa kwenye kisanduku cha nyoka.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi niliingiza bandani boa wa mchanga jike aliyetoka porini, upande wa Baringo. Alikuwa mnene, nikadhani ni panya aliokula. Asubuhi moja nikafungua kisanduku nikakuta makinda 11 wamejizika mchangani, pua tu ndizo zimechungulia. Boa huyu hatagi, huzaa. Nikachukua kalamu nikaandika C kwenye kadi zote 11, maana hiyo ndiyo herufi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa mnyama wa kufugwa, na mnunuzi wa ng'ambo akiiona hasumbui kwenye bei.

Nilijiambia sijadanganya mtu. Si wamezaliwa mbele ya macho yangu? Lakini C inataka wazazi nao wawe wamepandana bandani. Yule jike alikuja na mimba yake. Makinda wake ni F, yaani wamezaliwa bandani lakini hawafikii masharti ya C, na yeye mwenyewe ni W, wa porini. Herufi hiyo ndiyo inayomwonyesha mkaguzi kama tunafuga kweli au tunachota tu porini na kuzalishia nyumbani.

Ndiyo maana tangu Agosti kadi zetu zinataka jina la kisayansi, siku ya kuzaliwa, mama alikotoka, na baba. Usiyemjua baba, andika "hajulikani". Hakuna atakayekucheka.

Mzee mmoja alipinga vikali. Kule Marekani, alisema, boa huyu huuzwa kwa jina la Kenya hata kama amezaliwa Texas pamoja na babu zake wote, sasa sisi tunajisumbulia nini? Hoja yake ilinichekesha, lakini jina la aina si cheti cha kuzaliwa. Nyoka huyuhuyu yuko Misri na Tanzania pia.

Kuna na chatu aliyeletwa na kadi ya C huku kupe wamejipanga chini ya magamba karibu na macho, na kovu kuukuu mgongoni. Kupe hawasomi kadi. Mwenyewe aliirekebisha ikawa W bila kuburutwa, nami namshukuru.

Siku ya maonyesho ya shule, mtu wetu alibandika "Omieri" kwenye kizimba cha chatu mkubwa. Watoto walifurahi sana. Nilimwomba aitoe. Omieri, yule chatu maarufu wa Nyakach, aliungua moto, akafa mwaka 1987, na wazee wa huko bado wanamheshimu; huyu wetu ana miaka minne. Msichana mmoja akauliza, "Basi huyu anaitwa nani?" Hatukuwa na jibu. Kadi yake imeandikwa namba 27.

Ada ya mwaka inabaki ileile. Kadi tupu ziko kwa katibu, chukueni kabla hamjaondoka, na wenye makinda wa mwaka juzi waliobaki tuzungumze leo baada ya chai. Wangu watatu tayari nimewaandikia F.