Barua ya wazi kwa vijana wenye mikarafuu Pemba: ukikopa usisaini kuwa umeuza

Assalaam aleikum wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia nyie mliorithi mikarafuu, mliopo Wete, Konde, Chake, Mkoani, na nyie pia mliohamia Unguja, Mombasa na Maskati mkawaachia ndugu zenu waangalie mashamba. Wote inawahusuni, manake shamba la urithi halina mwenyewe mmoja, na anaekwenda kuliweka rehani mara nyingi ni yule aliebaki nyumbani peke yake na mzigo wa gharama, mimi simlaumu yeye tu, nawalaumu na waliomuacha.

Miaka mingi nilikuwa karani mahakamani kwa hiyo watu wakipata karatasi wasiyoielewa wananiletea. Msimu uliopita kijana mmoja kaja nayo, karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Alikopa milioni mbili alipe wachumaji, karafuu zimeiva na hazimsubiri mtu. Karatasi inasema: mimi fulani nimeuza shamba langu pamoja na mikarafuu yote iliyomo kwa shilingi milioni tatu na fedha zote nimepokea. Mashahidi wawili, wote jamaa za mkopeshaji. Mkopo haukutajwa, siku ya kurudisha haikutajwa. Namuuliza mbona umesaini? Ananambia "babu hiyo dhamana tu, tumeelewana." Roho iliniuma, kwa sababu maneno hayo hayo ndo yalowatoa wazee wetu kwenye mashamba yao, na karatasi yao ilikuwa kama ndugu wa hii.

Hebu nikwambieni ilivyokuwa. Karafuu zinataka pesa kabla hazijaleta pesa, unapalilia, unachuma, unachambua, unaanika, kila hatua ina mtu anaedai. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watumwa, na ilikuwa dhulma, tusiipambe. Utumwa ulipoondolewa kisheria 1897, mwenye shamba ikawa lazima amlipe mtu kwa taslimu, na yeye taslimu hana, ana miti. Unguja kimbunga cha 1872 kilishaangusha mikarafuu mingi sana, Pemba ikanusurika, kwa hiyo karafuu zikawa za Pemba na madeni nayo yakaja Pemba. Benki haikuwa ikimtazama mkulima wa shamba. Aliekuwepo ni mwenye duka, wengi wao Wahindi, anakupa mchele na kitambaa kwa daftari, anakupa rupia wakati wa kuchuma, halafu karafuu zikikauka unampelekea yeye yeye na mizani ni yake. Nae mwenye duka pesa hazikuwa zake jamani, kakopa kwa tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini anategemea bei ya nje, sasa bei ikianguka huko kila mmoja anamkamata wa chini yake mpaka inafika kwa mtu mwenye mti na yeye hana wa kumkamata.

Riba haramu, hilo kila mtu alilijua. Kwa hiyo mkopo haukuandikwa mkopo, uliandikwa mauzo, wakaita bei khiyari. Nakupeni mfano. Unataka rupia 500. Hati inasema umemuuzia fulani shamba lako kwa rupia 500, ila una khiyari ya kulikomboa kwa bei hiyo hiyo ndani ya miaka miwili tuseme, na kwa muda huo unalikodi kwake kwa rupia 75 kila mwaka. Yaani unakaa kwenye shamba lako, unachuma karafuu zako, na unalipa kodi! Hiyo kodi ndo riba yenyewe, imevalishwa nguo nyengine. Na kulikuwa na malalamiko kuwa kiasi kilichoandikwa kwenye hati si alichopewa mtu mkononi, kimeandikwa kikubwa zaidi. Mnaona milioni mbili na milioni tatu za yule kijana?

Sasa mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, nyie mnajua, mwaka mmoja miti imeinama, mwaka wa pili unachuma vya kukung'uta. Mtu anakopa mwaka mzuri akiwa na matumaini, anaozesha, anajenga, pengine anakwenda hija, halafu inaingia miaka miwili dhaifu. Kodi haikulipwa, inaongezwa kwenye deni, inaandikwa hati mpya, kubwa kuliko ya mwanzo. Muda wa khiyari ukipita bila kukomboa, mauzo yanasimama kama yalivyoandikwa. Wengi hata hawakufukuzwa, na hapo ndipo watu walipokosa kushtuka, mzee anaendelea kukaa pale pale, anaanika majamvi yake pale pale, lakini si mwenyewe tena, akifa ndo watoto wanaambiwa.

Miaka ya 1930 bei ya karafuu ikaporomoka na jambo likafika serikalini. Mwaka 1934 Waingereza wakatoa sheria, ardhi ya Muarabu au Muafrika isihamishwe kwenda kwa mtu asiekuwa wa makundi hayo bila idhini ya Mkaazi wa Kiingereza, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar, wakatoa na sheria ya wakopeshaji. Serikali ya India ikamtuma afisa wake K.P.S. Menon aje kuangalia maslahi ya Wahindi. Kisha 1937 chama cha wakulima wa karafuu kikapewa nguvu juu ya biashara yote, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India nako wakasusia karafuu zetu, na hawakuelewana mpaka 1938. Kwa maoni yangu kosa la sheria ile ya ardhi ni kuwa iliangalia kabila la mkopeshaji. Mtu akikopa kwa Muarabu mwenzake au Mpemba mwenzake na karatasi ikasema ameuza, shamba si linakwenda vile vile? Kwa hiyo nikisikia kijana anasema "yale yalikuwa mambo ya Wahindi" nasikitika sana, manake aliemuandikia yule kijana wangu ni mtu wa mtaani kwake, wanasali msikiti mmoja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu, na habari za khiyari zikasahaulika. Mwenye eka tatu aelewe hivi, ulipewa utumie, kwa hiyo ukisaini kuwa umeuza unajitia kwenye kesi mbili kwa mpigo, ya mkopeshaji na ya serikali.

Najua shida ni ya kweli. Wachumaji wanalipwa kwa pishi na wanataka yao jioni ile ile, pesa za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, huzipati mpaka mzigo ukauke na uupeleke kituoni. Sikwambieni msikope. Kopeni kwa karafuu, msikope kwa shamba. Kama huna njia kodisha miti kadhaa kwa msimu mmoja, iandikwe miti mingapi, ipo upande gani, mpaka mwezi gani, msimu ukiisha miti yako. Hiyo inauma mara moja tu. Na ukikopa taslimu karatasi iseme nimekopa, iseme kiasi ulichopokea mkononi, si zaidi hata shilingi, iseme utarudisha lini, sheha, kiongozi wa serikali wa hapo mtaani, awepo, na shahidi mmoja awe wa upande wako. Mkopeshaji akikataa kuandika hivyo basi ameshakwambia anachokitaka. Fotokopi yako ondoka nayo siku hiyo hiyo, usikubali kuambiwa "njoo kesho".

Na nyie mlio nje, kabla ya msimu changishaneni pesa za wachumaji, mtumieni ndugu yenu kwa simu. Mnatuma za harusi na za khitma, hizi za kulinda shamba la babu yenu zinawashinda vipi? Ndugu yenu akikosa kwenu atakwenda kule nilikokwambieni, na jina lenu nyote litakuwa ndani ya shamba hilo wakati yeye anasaini peke yake.

Ambae tayari ana karatasi kama ile asingoje muda upite na asione haya. Kituo cha Huduma za Sheria wana ofisi Chake, wanasaidia watu wasio na uwezo wa wakili. Nenda na karatasi, nenda na ushahidi wowote wa pesa ulizorudisha, hata meseji za simu usizifute, na nenda na ndugu mmoja mnaerithi nae. Asieweza kufika Chake anitafute nyumbani baada ya laasiri, nitamsomea na nitamuandikia barua ya kupeleka.

Mzee wenu, Wete.