Kibali cha kuingia tenkini kiandikwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Juzi kijana wa mtaani kwangu Makorora alinijia na furaha: kapata kibarua cha siku tatu, kuosha tenki la mafuta mazito. Nikamwuliza wamempa vifaa gani. Akanitolea mfukoni barakoa ya kitambaa, ile ya wakati wa korona. Nikamwambia, mwanangu, kaa kwanza tuzungumze.

Nimeosha matenki hapa Tanga miaka 19. Mwaka wangu wa pili tulilifungua tenki la kiwanda kimoja, tukaliacha wazi siku mbili, tukaamini limepumua. Mwenzangu akaingia na koleo, tope likimfika vifundoni. Mwanzo alilalamika harufu ya mayai viza. Baada ya muda akatupigia kelele kwamba harufu imekwisha, kazi imekuwa nyepesi. Haikuwa imekwisha. Gesi ile ikizidi huua pua kwanza, nawe unadhani hewa imekuwa safi. Hatukumsikia tena. Mmoja wetu akataka kurukia ndani, mnyapara akamkamata shati na kumwangusha chini. Yule mzee alikuwa baharia wa majahazi zamani, na hakumruhusu mtu kuingia bila kamba kiunoni. Tulimcheka sana kwa kamba zake. Siku hiyo tulizivuta. Mwenzangu alipona, ingawa alitapika hadi usiku.

Baadaye zikaja karatasi za kibali, za Kiingereza. Nilitia sahihi kila asubuhi kwa miaka, sijui ninachokubali. Nilipostaafu, binti yangu ambaye ni mwalimu alizikuta kabatini akanisomea. Mahali pa kuandika oksijeni palikuwa na 20.9 kila siku, mwandiko uleule, hata wino ulipokatika palikuwa palepale. Nambari ile ilikuwa imetolewa kivuli pamoja na karatasi! Hakuna aliyepima kitu.

Hiyo 20.9 ni asilimia ya oksijeni katika hewa ya kawaida. Ikishuka chini ya 19.5, mtu haingii. Mvuke wa mafuta nao usizidi asilimia 10 ya kiwango cha chini kinachoweza kushika moto. Kipimo kishushwe kwa kamba mpaka chini, kwa sababu mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hujilaza sakafuni. Ukipima mlangoni umejipima mwenyewe. Na mkitoka kula, mpime upya, maana tope likikorogwa linaachia gesi iliyokuwa imelala. Tochi ya simu isiingie kabisa. Hata kutu iliyokwanguliwa humo huenda ikajiwasha yenyewe ikikauka, ndiyo maana sisi tuliimwagia maji mpaka itolewe (hili vijana hawaliamini mpaka walione).

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na wakaguzi wapo. Mimi naomba jambo moja: kibali hicho kiwe kwa Kiswahili, kibandikwe kwenye mlango wa tenki, na nambari ziandikwe kwa mkono mbele ya anayeingia, naye akioneshwa kipimo chenyewe. Kiwe pia na jina la mtu wa kusimama mlangoni, ambaye kazi yake ni kutazama na kuita msaada, haruhusiwi kuingia wala kutumwa chai. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Mshitakiwa anasomewa shitaka akaelewa. Mwosha tenki je?

Nauliza sasa kwa sababu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na matenki yake yatakusanya tope kama matenki mengine. Watakaoitwa kulichota ni watoto wetu.

Yule kijana alirudi kwa msimamizi wake kuomba kipimo na kamba. Akaambiwa wapo wengine wanaotaka kazi. Kesho yake nilimwona yupo Ngamiani anasukuma mkokoteni, akanipungia mkono.

Mwosha matenki mstaafu,
Makorora, Tanga